Imla kutoka Arua

Ujumbe wenyewe ulikuwa ndani ya simu yangu tangu tarehe 9 Desemba 2020. "Habari dada. Mimi ni wa kikundi cha nne. Tafadhali nipigie, sina salio." Hakujitaja jina. Siku hizo matapeli wa pesa za simu walikuwa wakituandikia kila kukicha, mara umetumiwa hela kwa makosa, mara umeshinda zawadi, nami nikaupita ujumbe ule kama nilivyoipita mingine.

Nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu, Kiswahili na Historia, katika chuo kimoja cha Kampala. Shule na vyuo vyote vya Uganda vilifungwa kwa ajili ya korona tarehe 20 Machi 2020, nikapanda taksi na godoro langu nikarudi kwetu Busia, mtaa wa Sofia, ambako ukirusha jiwe vizuri linaangukia Kenya. Oktoba madarasa ya mtihani yakaruhusiwa kurudi. Mdogo wangu wa Praimari ya Saba akaenda. Dada yangu wa Senior Two akabaki akimsaidia Mama kupepeta mukene, dagaa wa kwetu, na sisi wa mwaka wa pili tukaambiwa masomo yataendelea mtandaoni.

Nataka niseme kidogo juu ya hilo neno, mtandaoni, kwa sababu waliolitamka walilitamka kwa wepesi sana. Kabla hujafungua WhatsApp ulilipa kodi ya OTT, ile ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Baada ya hapo ndipo ununue bando. Somo moja la video likishaisha, na bando limeisha. Kwa hiyo tuliacha video, tukabaki na noti na sauti zilizorekodiwa, na hata hizo ulizisikiliza usiku ukiwa umelala chali, simu kifuani, ukisubiri kiduara kiache kuzunguka. Mama alikuwa akiniuliza, "Mwalimu amekuja?" Najibu, "Bado, Mama, anapakuliwa."

Kikundi chetu kilikuwa cha watu watano, na kwa kuwa tulionana zaidi kwa simu kuliko kwa macho, tulizoea kuitana kwa miji yetu: Masaka, Mbale, Lira, Arua, na mimi Busia. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Kazi tuliyopewa ilihusu historia ya Kiswahili Uganda, kilifikaje na kwa nini watu wengi bado wanakiogopa. Kurasa ishirini, zifike kwa barua pepe kabla ya saa sita usiku, Jumamosi tarehe 16 Januari 2021.

Tuligawana. Masaka alichukua wafanyabiashara kutoka pwani waliofika kwa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844, na pia namna Buganda ilivyokipinga Kiswahili miaka ya baadaye. Mbale akachukua wakati wa gavana wa Kiingereza, Gowers, aliyetaka Kiswahili kiwe lugha ya shule na ofisi mwishoni mwa miaka ya 1920. Lira akachukua tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya Kiswahili lugha ya taifa na mabadiliko ya katiba ya 2005 yaliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mimi nikachukua soko na mpaka, maana nimezaliwa humo. Hata neno boda boda lilianzia hapa kwetu, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria. Arua akaachiwa jeshi.

Kisha Arua akanyamaza. Novemba yote hakujibu. Ukimwandikia, alama inabaki moja. Wengine wakituma rasimu, yeye hayupo. Masaka akaandika kwamba kuna watu wanaopenda kubebwa, na sote tukaweka alama ya dole gumba chini ya maneno hayo. Mimi pia niliiweka. Jumapili tarehe 10 Januari nikafungua ukurasa wa kwanza wa kazi yetu, nikapeleka kishale mwishoni mwa jina lake, nikabonyeza kufuta mpaka likaisha. Lilikuwa jina refu.

Jumanne mitandao ya kijamii ikafungwa. Jumatano jioni, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti yote ya nchi ikazimwa.

Alhamisi watu walipiga kura, na mtaa wetu ulikuwa kimya kama siku ya msiba. Mimi nilikuwa na sehemu yangu, ya Mbale, na nusu ya Lira. Nyingine zilikuwa zimekwama kwenye simu za wenyewe. Lakini simu za kawaida zilikuwa zikipita, nami nilikuwa na kitu ambacho wenzangu hawakuwa nacho: laini ya Kenya. Sofia ukiizungusha simu kidogo tu, mtandao wa Kenya unaingia wenyewe. Nikampigia shangazi aliye Busia ya upande wa pili, akanisambazia salio la shilingi 100 za Kenya, ambalo Mama aliahidi kumlipa 3,300 za kwetu. Kutuma kazi kungewezekana. Kilichobaki ni kuipata.

Ijumaa asubuhi nikampigia Lira, akanisomea nusu iliyobaki. Masaka akanisomea yake. Nilipokuwa natafuta namba nyingine ya Masaka katika meseji za zamani, ya kwanza ikiwa imezima chaji, kidole changu kikaupita ule ujumbe wa tarehe 9 Desemba, kikarudi. Kikundi cha nne. Sisi ndio tuliokuwa kikundi cha nne.

Nilipiga. Akapokea mlio wa kwanza.

"Dada Busia?" akasema. "Nilidhani mlikataa kunipigia."

Nilikosa la kumjibu. Akanieleza mwenyewe, bila kulalamika. Simu yake ya kugusa ilikuwa imeuzwa mwezi wa kumi mama yake alipolazwa. Tangu hapo alikuwa na katochi, kasimu ka vibonye kasiko na WhatsApp. Kila Jumapili alikuwa akienda kwa binamu yake kuazima simu asome noti za mhadhiri, anazinakili kwa mkono, na simu ile ilikuwa haina nafasi ya kuweka WhatsApp ya mtu wa pili.

"Na kazi?" nikamuuliza. Niliuliza taratibu, kwa sababu niliogopa jibu la aina yoyote.

"Kazi iko. Nilimaliza Novemba. Imo kwenye kaunta buku. Nisome?"

Nikamwambia asubiri. Nikaenda kuchukua daftari na kalamu mbili, nikakaa kwenye mkeka ukumbini, Mama akiwa pembeni na ungo wake wa mukene, nikaweka simu sauti ya juu juu ya kigoda.

"Haya," nikasema.

"Kichwa cha habari," akaanza. "Piga mstari chini yake."

Alisoma kama walimu wetu wa praimari walivyokuwa wakitusomea imla. Anasema maneno matano, anangoja. Anayarudia. Mkato. Nukta. Aya mpya. Neno gumu analitaja herufi kwa herufi. Nilikuwa sijaandika imla tangu nikiwa mtoto, na mkono ulikumbuka kabla yangu. Nilijikuta nimeinama vilevile, nimefunika daftari kwa kiwiko.

Kuhusu jeshi nilitegemea tarehe. Tarehe alikuwa nazo, kwamba katika King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha askari waliotoka makabila yasiyosikilizana, na kwamba West Nile, eneo la kwao Arua, ilitoa askari wengi. Lakini alizimaliza kwa ukurasa mmoja. Zilizobaki zilikuwa za babu yake. Alikuwa amekaa naye wiki nzima chini ya mwembe akimuuliza maswali, kwa kuwa maktaba ilikuwa zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo na imefungwa.

Babu alikuwa Mlugbara aliyejiunga na jeshi miaka ya 1950. Kambini alimpata binti wa Kiacholi, dada wa askari mwenzake. Yeye hakujua Kiacholi, binti hakujua Kilugbara. Walichumbiana kwa Kiswahili cha kambini, kile kisichojali ngeli. Wakaoana, wakazaa, wakazeeka. "Bibi alifariki mwaka 2014," Arua akasoma, "mkato, na maneno yake ya mwisho kwa babu yalikuwa, fungua alama za kunukuu, mzee wewe kula, funga alama, nukta."

Ungo wa Mama ulikuwa umetulia. Sikujua ulitulia saa ngapi.

"Mwambie arudie hapo," Mama akasema.

"Nani huyo?" Arua akauliza.

"Ni Mama."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako amepona?"

"Alipona, Mama. Yuko shambani."

"Mungu ashukuriwe. Rudia hapo pa bibi."

Akarudia. Salio likakatika katikati. Mama akachomoa noti ya 5,000 katika fundo la khanga, akamtuma dada yangu mbio dukani. Tulipoungana tena, Arua alianza palepale alipoachia, kwenye neno lilelile, kana kwamba alikuwa ameliwekea kidole.

Alisoma kwa saa mbili na ushei. Mwishoni aliandika jambo ambalo mimi na wenzangu, pamoja na vitabu vyetu vya PDF, hatukulifikia. Alisema Waganda wengi wanakikumbuka Kiswahili kwa sauti ya askari kizuizini, "nyanyua mikono, toa kitambulisho", na kwamba kumbukumbu hiyo ni ya kweli na isidharauliwe. Lakini askari wale walikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba zile Kiswahili hichohicho kilitumika kubembeleza watoto. Mtu anayetaka kukifundisha Uganda, akasema, ayajue yote mawili kabla hajaingia darasani.

Jioni ile nilimpigia Masaka nikamsomea kipande hicho. Baba yake aliyapitia mapigano ya 1979, jeshi la Tanzania lilipokuja kumng'oa Amin na Masaka ikabomolewa kwa mabomu, na nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa hakizungumzwi. Alikuwa anakisomea chuoni na kukiacha getini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nipe namba yake." Baadaye nilijua kwamba walizungumza usiku ule mpaka salio la Masaka likaisha, na asubuhi akanipigia kubadilisha aya tatu za sehemu yake. Miezi miwili yote ya WhatsApp, mimi na Masaka tulikuwa tumetumiana mafaili. Sikumbuki hata siku moja mmoja wetu kumsomea mwenzake sentensi kwa sauti na kumuuliza unaonaje.

Jumamosi nilichapa kutwa. Umeme ulikatika saa nane, nikapeleka laptopu kwa jirani mwenye sola, nikakaa kwenye kizingiti chake kuku wakinipita miguuni. Mchana huohuo matokeo ya urais yalitangazwa redioni, majirani wakatoka nje, wengine wakarudi ndani, mimi nikiendelea kuchapa. Mkono wangu ulikuwa umeandika vibaya sehemu nyingine, nikawa nampigia Arua: hapa ulisema "kikosi" au "kikao"? Naye hakuchoka.

Saa tano usiku kila kitu kilikuwa tayari. Amri ya kutotoka nje usiku, ya wakati wa korona, ilikuwa imeanza saa tatu, kwa hiyo sikuweza kwenda mbali. Nilisimama nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, ambako laini ya Kenya ilishika vizuri zaidi. Laptopu niliiweka juu ya pipa la maji. Nikapitia kurasa moja moja mpaka nikarudi kwenye ule wa kwanza, wenye majina. Yalikuwa manne.

Nilijaribu kulikumbuka la tano. La kwanza nililijua, la ubatizo. Ya Kilugbara yaliyofuata sikuwa na uhakika nayo, na orodha ya darasa ilikuwa kwenye WhatsApp, na WhatsApp yangu ilikuwa kwenye laini ya Uganda ambayo haikuwa na intaneti.

Nikampigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lala.

"Imeenda?" akauliza.

"Bado. Nataka unitajie jina lako, namna linavyoandikwa."

"Si lipo mbele? Niliwaandikia wote siku ya kwanza, kabla simu haijauzwa."

Ningeweza kusema faili limeharibika. Angeniamini. Ng'ambo mbwa walikuwa wakibweka, na taa za malori yaliyopangwa foleni ya forodha zilimulika ukuta wetu zikapita.

"Nililifuta," nikamwambia. "Jumapili. Tulidhani hutaki kufanya kazi. Mimi ndiye niliyelifuta, na ujumbe wako wa Desemba nilikuwa nao. Nisamehe, kaka."

Kimya kikawa kirefu, mpaka nikatazama simu kuona kama salio limekata tena.

"Una kalamu?" akauliza.

"Niko kwenye laptopu."

"Haya. La kwanza, herufi kubwa."

Akanitajia, herufi moja, anangoja, herufi nyingine, anangoja. Mimi nikawa narudia kila moja kwa sauti baada yake.