Gonga jiwe kwanza
Jana nilikuwa nafunga jiwe jipya kwenye mashine ya kunolea. Kama alivyonifunza fundi wangu, nikalitundika kidoleni na kuligonga kwa mpini wa bisibisi. Jiwe zima hulia kama kengele. Hili likatoa mlio mfu: dup! Kulimulika, nikaona ufa mwembamba kama unywele.

Jamani, jiwe hilo ni chembe za oksidi ya alumini zilizoshikizwa kwa kauri iliyochomwa tanuruni. Likianza kuzunguka na ufa, linapasuka usoni mwako. Nimelivunja kwa nyundo asije kijana mwingine akalifunga.

Na yale membamba ya kukatia nondo, yenye gundi ya rezini, someni tarehe kwenye kipete cha chuma katikati. Mwisho miaka 3 tangu yatengenezwe.