Salio lililopungua shilingi 5,000

Mwaka jana nilitengeneza mfumo wa mtandaoni wa kikoba cha mama yangu mdogo, chenye wanachama 32, kwa lugha ya PHP na MySQL, hifadhidata inayotunza data kwenye majedwali. Nilianza kama nilivyozoea: nikachora majedwali, kisha kila jedwali nikalipa klasi yake, yaani kipande cha programu kinachobeba data pamoja na kazi zake. Klasi ya Mwanachama ikabebeshwa kila kitu: jina, simu, salio, maulizo ya SQL (maombi ya data kwa hifadhidata), hata kutuma meseji. Nikigusa hapa, kule kunaharibika.

Jumamosi moja watu wawili walikuwa wakiingiza michango kwa wakati mmoja, kila mtu na simu yake. Mama mmoja alikuwa na akiba ya 40,000. Huyu akamwongezea 5,000, yule akamwongezea 10,000. Wote wawili mfumo uliwasomea 40,000, na aliyebonyeza mwisho akafuta kazi ya mwenzake. Salio likasoma 50,000.

Mweka hazina akaniita. "Mwanangu, daftari langu linasema 55,000. Hiyo elfu tano imeenda wapi?"

Nikaliomba hilo daftari. Hakuna kilichofutwa humo. Akikosea, anaandika mstari mwingine wa kurekebisha, na salio analipata kwa kujumlisha. Nilikaa nalo muda mrefu, maana lilikuwa limepangwa vizuri kuliko klasi zangu.

Usiku ule nikaiondoa kabisa safu ya salio kwenye hifadhidata. Nikaunda klasi ya Muamala, yenye kiasi, tarehe, aina na jina la aliyeingiza; muamala ukishaundwa haubadiliki. Klasi ya Akaunti ndiyo inayojumlisha miamala yake. Hakuna anayeweza kuipangia salio: utaiambia weka au toa, na ukitaka kutoa zaidi ya kilichopo inakataa. Kutoa kulihitaji ulinzi zaidi, wasije watu wawili wakatoa pesa zilezile kwa pamoja, kwa hiyo mstari wa akaunti hufungwa kwanza hadi kazi ikamilike. Kiasi ni namba kamili; kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za kuelea (zenye desimali) haipati 0.3 kamili, na pesa za watu hazitaki mchezo huo.

Maulizo yote ya SQL yakahamia klasi nyingine, Ghala. Majedwali na klasi havikuzaliwa nyumba moja: nadharia ya majedwali aliitoa Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, na klasi zilianzia kwenye lugha ya Simula huko Norway miaka ya 1960. Nilikuwa nalazimisha kimoja kivae nguo za mwenzake. Sasa naijaribu Akaunti bila hata kuwasha MySQL, na ukurasa wa wanachama, uliokuwa ukituma maulizo 33 (moja la orodha na moja kwa kila mwanachama), unatuma moja.

Klasi ya Mkopo ndiyo iliyonichelewesha. Kikoba kilipobadilisha riba, mikopo ya zamani nayo ikabadilika, na akina mama wakalalamika kwa haki. Siku hizi riba inaandikwa ndani ya mkopo wenyewe siku unapotolewa, na inabaki hivyo hadi marejesho ya mwisho.