Mchanga Uliotoa Povu

Mwaka 2016, nilipokuwa nimepanga Kunduchi, jijini Dar es Salaam, nilinunua tangi la kioo la lita 60 nikiwa nimeazimia kuotesha humo mimea hai, si ile ya plastiki. Bahari ikiwa jirani, sikuona haja ya kununua mchanga. Nilichota ndoo moja ufukweni, nikauosha hata ulimi usionje chumvi, nikautandaza chini ya tangi, mweupe kama sembe.

Samaki wangu aina ya gapi walistawi na kuzaliana, na hilo ndilo lililonipumbaza, kwa maana mimea ilikuwa ikidhoofika mbele ya macho yangu. Majani machanga ya mmea wa majini uitwao Echinodorus yalichipua yakiwa ya njano, mishipa tu ikibaki kijani. Nikaongeza taa, kisha mbolea, hayakubadilika.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa kemia, alikuja kuazima ngazi, akalitazama tangi, akaniomba siki. Aliweka kijiko kimoja cha mchanga kwenye kisosi, akaumiminia. Ulifoka povu kama soda.

“Huu ni makombe na matumbawe yaliyosagika, mwanangu,” alisema.

Alinieleza kwamba chokaa ya makombe yale ilikuwa ikiyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye madini mengi, na yenye alikali, kinyume cha asidi, hali ambayo gapi huipenda, lakini ambayo huizuia mimea mingi kufyonza madini ya chuma hata yakiwamo. Nilibaki kuitikia, “Ndiyo, Mwalimu,” nikiikumbuka pesa ya mbolea.

Jumamosi niliwahamishia samaki kwenye beseni, nikalimwaga tangi lote. Chini niliweka udongo mwekundu uliochekechwa, kina cha sentimeta mbili, na juu yake sentimeta nne za mchanga wa mto, ule wa wajenzi, baada ya kuupima kwa siki na kuuona umetulia. Maji niliyamimina juu ya sahani ili yasiutibue udongo.

Nilipoung’oa mmea wa Anubias niligundua kosa langu jingine: shina lake, linalolala kama tangawizi, nilikuwa nimelifukia, nalo lilikuwa limeoza na kunuka. Nililikata kwa wembe hadi penye uzima, nikalifunga kwa uzi juu ya jiwe, ambalo nalo lilionja siki kwanza.

Kwa kuwa udongo mpya huweza kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, gapi walikaa kwenye beseni mwezi mzima. Mwalimu alirudisha ngazi wiki mbili baadaye, siku ambayo jani jipya la Echinodorus, la kijani kitupu, lilikuwa limefika usawa wa maji.