Ruta Yangu Ilikuwa Inavuka Mpaka

Huku kwetu wilaya ya Bukwo, karibu na mpaka wa Suam, simu haina uraia. Mlangoni inashika mnara wa Uganda, ukiingia jikoni unakaribishwa Kenya kwa ujumbe. Kwa anayepiga simu tu ni kichekesho. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi, watu wananijia niwaombee TIN, namba ya mlipakodi, kwenye tovuti ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Ruta, kile kifaa kinachonipa intaneti dukani, ilikuwa ikihamia Kenya katikati ya fomu, intaneti inakatika, nabaki nikitazamana na mzee wa watu, hela kaikunja mkononi.

Wauza laini wote dawa yao ni moja: nunua bando kubwa zaidi. Mnara usiposhikika, bando kubwa la nini? Na tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, ulioingia baada ya ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, kuondolewa. Kwa hiyo hata bando linaloisha muda bila kutumika limeshalipiwa kodi.

Aliyenisaidia ni fundi wa sola. Alifungua mipangilio ya ruta kwenye simu yake, akanionyesha namba ya nguvu ya mawimbi, ambayo ikisogea karibu na sifuri ndiyo nzuri: -117 dBm.

"Dada, hii ikifika -120 hakuna kitu tena. Mabati yako yanazuia mawimbi."

Tukasimamisha mlingoti wa mkaratusi nyuma ya duka, juu yake antena ya kuelekeza upande mmoja. Kuifunga si kazi, kazi ni kuigeuza. Yeye juu ya ngazi, mimi chini nasoma kwa sauti: 109, 104, 111, "rudisha, rudisha kidogo!" Ikatulia kwenye -95. Kila dBm 3 zinazoongezeka, nguvu ya mawimbi ni kama mara mbili, kwa hiyo hapo tulipata zaidi ya mara mia. Waya aliukata mfupi makusudi, maana waya mrefu hupoteza kile antena ilichokusanya. Mwisho akaondoa ile "otomatiki" ya kuchagua mtandao, akaifunga ruta kwenye kampuni yetu ya Uganda. Safari za Kenya zikaishia hapo.

Umeme haukunisumbua. Ruta yangu inakula volti 12, inachukua moja kwa moja kwenye betri ya sola, inveta ya nini.

Kilichobaki kiko nje ya uwezo wangu: umeme ukikatika muda mrefu, betri za mnara wenyewe nazo huisha, na hapo antena yangu inatazama chuma kitupu. Siku hizo laini ya Kenya ni lulu. Ilikuwa hivyo hivyo Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Ninayo moja kwenye droo, bando lake nalinunua kwa M-Pesa, na tovuti ya URA inafunguka nayo bila shida.