Neno la Ami bado halijanitoka

"Bahati ile, mwanangu. Bahati tu." Ami alisema hivyo huku akinawa mikono, mbele ya wageni, na nyinyi mnamjua Ami: akishasema, mdogo hujibu "naam". Arusi ya Mwanaisha imekwisha salama, wageni wa Lamu wamesharejea kwao, ila neno hilo linanikereketa mpaka leo.

Mazungumzo yalikuwa ya Mogadishu, Januari 1991, mji ukiwa vitani, Wamarekani walipowahamisha watu kutoka ubalozi wao; Ami anasema walifanikiwa kwa bahati. Bahati ipi? Brigedi ya 4 ya marini, wale askari wa Marekani wanaopigana kutoka melini, ilikuwa pwani ya Oman, ikijiandaa kwa vita vya Kuwait. Brigedi ya namna hiyo huja na kila kitu chake: makao ya kamanda, askari wa miguu, ndege, na ugavi wa siku 30 hivi. Hufunzwa pamoja, ili ikibidi kumega kipande, kipande kijitegemee. Zikamegwa meli mbili, Guam na Trenton. Nyingine zikabaki na kazi ya Kuwait.

Hali ya ubalozi haikuweza kungoja meli. Alfajiri ya tarehe 5, helikopta mbili za CH-53E ziliruka na askari 60, maili za baharini 466. Hazifiki mpaka zijazwe mafuta angani, mara mbili. Hapa ndipo ninapotaka Ami anisikilize. Ndege ya mafuta, KC-130, hupunguza mwendo kadiri inavyoweza bila kuanguka, helikopta nayo inakimbia karibu na ukomo wake. Rubani anausogeza mrija ulio mbele ya helikopta mpaka uingie kwenye kikapu cha mwisho wa mpira wa mafuta unaoning'inia nyuma ya KC-130, na mapanga ya helikopta yanazunguka juu yake karibu kabisa na mpira huo. Akiingia kwa pupa, mpira hupiga wimbi na unaweza kugusa mapanga. Na kote giza. Walipojaza mara ya kwanza bomba lilipasuka, mafuta yakawalowesha askari ndani, helikopta moja nusura irudi. Wakaendelea.

Ramani walizokuwa nazo zilionyesha ubalozi ulipokuwa zamani, ulikuwa umeshahamishwa. Mara ya kwanza hawakuuona, wakarudi baharini kujipanga upya. Walipofika, watu walikuwa na ngazi ukutani tayari kuingia. Wakakaa kama saa moja, wakaondoka na watu 61. Usiku wa manane helikopta za CH-46, ambazo hazijazwi mafuta angani, zikatoka Guam iliyokuwa imeshasogea: mikupuo minne, tano tano, marubani wamevaa miwani ya usiku. Jumla watu 281 wa mataifa 30, wakafikishwa Maskati tarehe 11.

"Bahati tu." Nimeirudia kichwani hadi nikaanza kuisikia vingine. Ami aliwaona watu wa Barawa na Mogadishu wakiteremka majahazini hapa Mombasa, wana kiu, wengine wamepoteza jamaa njiani. Kwake yeye bahati ni ya aliyepata nafasi kwenye helikopta, na hapo sina la kubisha. Marubani wale nawatetea vilevile. Ijumaa nikienda kumwamkia nitamweleza, kwa adabu, habari ya mrija na kikapu.

Kisima chetu kimeanza tena kutoa maji ya chumvi. Mama ana presha, na fundi hapokei simu.