Kambi za Wamarekani Wenye Asili ya Japani: Kwa Nini Nauamini Mchoro Kuliko Picha

Tarehe 19 Februari 1942, zaidi ya miezi miwili baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, Rais Franklin Roosevelt alitia saini Amri ya Rais namba 9066. Kutokana na amri hiyo, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani waliondolewa majumbani mwao katika pwani ya magharibi ya Marekani, na wengi wao wakafungiwa katika kambi kumi zilizojengwa mbali na miji. Theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani. Kwetu Afrika Mashariki vita ile hukumbukwa zaidi kupitia askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma kupigana na jeshi la Japani, na pengine ndiyo sababu habari hii ilichelewa kunifikia. Tangu iliponifikia nimekuwa nikitafuta kila kazi inayoisimulia, na nimeona kwamba picha, filamu, riwaya na michoro havisemi jambo moja.

Kamera ndiyo shahidi tunayemwamini kwanza, kwa hiyo nianze nayo. Mwaka 1942 serikali yenyewe ilimwajiri mpiga picha Dorothea Lange aweke kumbukumbu ya uhamisho huo, lakini ikamkataza kupiga picha za seng'enge, minara ya ulinzi na askari wenye bunduki. Hata hivyo picha zake hazikuipendeza, na jeshi likazizuia hadi vita vilipokwisha. Ukizitazama leo utagundua kwamba zenye nguvu zaidi ni zile alizopiga kabla watu hawajafika kambini: watoto wakisubiri basi huku wamefungwa vibandiko vya namba kwenye makoti kama mizigo, na duka moja la Oakland ambalo mwenyewe, mhitimu wa Chuo Kikuu cha California, alikuwa ametundika mbele yake bango kubwa lenye maneno "Mimi ni Mmarekani". Duka lilikwisha kufungwa. Lange alizuiwa kuuonyesha ukuta wa gereza, akauonyesha mlango wake.

Ansel Adams alifika kambi ya Manzanar, California, mwaka 1943, kwa ruhusa ya mkuu wa kambi. Alitaka kuwathibitishia Wamarekani wenzake kwamba waliofungwa ni raia waaminifu, basi akapiga nyuso kwa karibu, nyingi zenye tabasamu, na nyuma yao milima ya Sierra Nevada yenye theluji. Siutilii shaka moyo wake. Lakini mtazamaji asiyejua historia anaweza kuzipitia picha nyingi miongoni mwa hizo asitambue kwamba watu wale hawakuwa na ruhusa ya kuondoka. Tofauti yake inaonekana ukimlinganisha na Toyo Miyatake, mpiga picha wa Los Angeles aliyefungwa katika kambi hiyohiyo, ambaye aliingiza lenzi kwa siri na kujitengenezea kamera ya mbao. Picha yake inayojulikana zaidi inaonyesha wavulana watatu kwenye seng'enge, na mnara wa ulinzi nyuma yao.

Filamu ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Mwaka 1942 serikali ilitoa filamu fupi ambamo Milton Eisenhower, mkuu wa kwanza wa mamlaka iliyosimamia kambi hizo, anaeleza kwa sauti tulivu jinsi wahamishwaji walivyotoa ushirikiano, kana kwamba watu wamehamia kijiji kipya kwa hiari yao. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1990, Hollywood ilitoa "Come See the Paradise", filamu yenye huruma ya kweli, lakini nyota wake ni Dennis Quaid, naye anaigiza Mmarekani mweupe aliyeoa binti wa familia ya Kijapani. Huzuni ya familia nzima inatufikia kupitia kwa mtu ambaye amri ile haikumhusu.

Miné Okubo hakuhitaji mpatanishi. Alikuwa msanii aliyezaliwa California, na kwa kuwa waliofungwa walipigwa marufuku kumiliki kamera, alichora. Kitabu chake, "Citizen 13660", kilitoka mwaka 1946 kikiwa na michoro karibu 200, na namba iliyo katika jina lake ndiyo waliyopewa yeye na kaka yake badala ya jina la ukoo. Walipelekwa kwanza Tanforan, uwanja wa mbio za farasi karibu na San Francisco, wakalazwa katika zizi ambalo kuta zake zilipakwa chokaa juujuu, pamoja na utando wa buibui na manyoya ya farasi yaliyonasa humo. Kisha wakahamishiwa Topaz, jangwani Utah. Okubo anajichora mwenyewe karibu katika kila ukurasa, yupo pembeni anatazama. Anachora vyoo vya pamoja vya wanawake, na wale walioshindwa kuvizoea wakitundika mapazia na kusimamisha mbao ili wajisitiri. Mtu aliyelelewa kuithamini sitara hahitaji kuelezwa zaidi. Na ni kamera gani ingeruhusiwa humo, au ingeingia bila kuwavunjia heshima mara ya pili?

Riwaya inafika mahali ambapo hata mchoro haufiki. Katika "When the Emperor Was Divine" ya Julie Otsuka, iliyotoka mwaka 2002, mama asiyetajwa jina anajiandaa kuondoka na wanawe. Hawezi kumchukua mbwa wao mzee, basi anamlisha vizuri, kisha anamuua kwa sepetu na kumzika uani kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Otsuka haelezi mama anajisikiaje, anaeleza tu anachofanya.

Hata hivyo, nikiulizwa pa kuanzia, nitamtaja Okubo. Mwaka 1981 tume ya serikali iliyochunguza kambi hizo ilipowasikiliza walionusurika, naye alitoa ushahidi na kukabidhi nakala ya kitabu chake. Miaka saba baadaye sheria ilipitishwa iliyoomba radhi kwa niaba ya taifa na kumpa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000.