Usiku Kaniki aliponiletea wanawe

Juzi mwanangu wa mwisho kaingia ndani kanuna, "Baba, paka hanitaki, mi namwangalia yeye ananifumbia macho." Nikamwambia hebu nionyeshe anavyofumba. Akayashusha macho yake polepole kabisa, akayaacha yamefumba kidogo, akayafungua. Nikamwambia rudi, kaa mbali naye kidogo, usimkodolee, na wewe mfumbie hivyo hivyo. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza walilijaribu hili, wakaandika mwaka 2020, walikuta paka akifumbiwa macho polepole na yeye hufumba zaidi, na hata mtu asiyemjua akimfanyia hivyo paka huwa mwepesi kumsogelea kuliko mtu aliyekausha uso. Mtoto akatoka mbio. Mi nikabaki na mkasi mkononi, kitambaa cha watu kipo mezani kimeshachorwa chaki na kukata kumenishinda, maana mimi nilishafumbiwa macho namna hiyo kabla sijasoma habari za mtafiti yeyote, na aliyenifumbia ni Kaniki.

Kaniki mnamjua. Yule paka jike mweusi tii wa kule kwenye fremu yangu ya zamani ya ushonaji, Ngamiani, mwenye baka mgongoni lisilo na unywele hata mmoja. Lile baka ni maji ya moto. Nani alimmwagia sijui, ila paka mweusi huku kwetu Tanga ana maisha magumu jamani, mtu akimkuta usiku mlangoni kwake anasoma Ayatul Kursiy alafu anainama kuokota jiwe, eti jini huyo, eti katumwa. Kaniki alipoanza kuja pale alikuwa mkubwa tayari, na sisi binadamu alikuwa ameshatujua.

Masharti yake aliyapanga mwenyewe. Nikimwekea kichwa cha kibua pale kizingitini hali mpaka nimpe mgongo. Sio kugeuza uso tu, hapana, mgongo wote, nikae nimeuelekea ukuta wa ndani, ndo nasikia anatafuna. Nikigeuka hata kidogo, kichwa kipo, paka hayupo. Basi tukazoeana hivyo, miezi na miezi, tunakula wote na hatuonani. Mteja akinikuta naangalia ukuta akaniuliza fundi vipi, namwambia ngoja kidogo, Kaniki anakula. Na wakangoja, namshukuru kila aliyengoja.

Mama mmoja tu ndo alikataa. Alimwona kizingitini akasema fundi, mi nguo zangu sitaki zilale humu na huyo jini. Maalim wetu wa jirani alikuwa kwenye benchi pale nje anasubiri kanzu yake, na yule mzee si mtu wa makelele. Akamwambia, "Mwanangu, huyo si najisi." Akamsimulia habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alivyokuwa anatiliwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab, akaja paka anataka kunywa, Abu Qatada akakiinamisha kile chombo mpaka paka akatosheka. Kabsha akabaki anamwangalia, ndo akamwambia Mtume kasema hawa si najisi, hawa ni katika wale wanaowazungukia zungukia majumbani kwenu. Iko kwa Abu Daud hiyo na kwa Tirmidhi. Alafu Maalim akaongeza, taratibu tu, "Na rangi haikutajwa, mwanangu." Yule mama akanyamaza, nguo akaziacha. Kaniki wakati huo alikuwa ameshakimbia zamani, hakumsikia mtu anayemtetea.

Sasa Ramadhani ya 2021. Ule mwaka wa Kimbunga Jobo, mnakumbuka tulivyokaa roho juu, Aprili ile kila redio inasema kinakuja pwani, alafu kikafifia baharini kabla hakijafika nchi kavu. Kimbunga kilififia lakini masika haikufifia. Mvua usiku, mvua mchana, wateja wanakuja na vitambaa wamevifunga kwenye mifuko, na Kaniki tumbo lilikuwa limeshuka kabisa. Mimba ya paka ni kama wiki tisa tu. Siku moja hakuja, na kesho yake hakuja, nikajua kazaa. Nikawa naacha kichwa cha samaki pale nje nikifunga fremu, asubuhi nakuta kimeliwa, basi moyo unatulia. Alipojificha nilipajua, uchochoroni nyuma yetu, kuna mabati chakavu yameegeshwa ukutani, ila sikwenda kuchungulia. Paka akichunguliwa anahamisha watoto, tena huyu aliyeunguzwa ndo angehamia mbali nisimuone tena.

Kumi la mwisho la Ramadhani fundi halali, hilo mnalijua. Nafuturu nyumbani, naswali tarawehe, narudi fremu nashona mpaka daku. Usiku ule umeme ulikatika mapema nikahamia kwenye cherehani ya kukanyaga, taa ya kuchaji nimeitundika kwenye msumari, pasi ya mkaa inawaka pembeni, nje mvua imeshika kweli kweli hata cherehani yenyewe sisikii vizuri. Mtaa mzima tulio macho ni mimi na yule kaka wa tanuri la mikate, wao usiku ndo kazi yao, mkate wa watu wa daku. Tanuri lake lipo pale pale uchochoro unapotokea barabarani, alafu ndo fremu yangu inafuata. Mlango kauacha wazi kama kawaida, joto linatoka mpaka nje.

Nikasikia sauti nyembamba, kama mlango ambao bawaba zake hazijatiwa mafuta. Nikageuka. Kaniki yupo kizingitini, kalowa, manyoya yamemganda mwilini mpaka nikaona alivyo mdogo, mi siku zote namuona paka mkubwa kumbe ni manyoya. Mdomoni kakishika kitoto kwa nyuma ya shingo, kimejikunja, miguu imeingia tumboni, kimetulia kabisa wanavyotulia wakibebwa na mama yao. Macho hata hayajafunguka.

Nikafanya nilichozoea kufanya. Nikatoa miguu kwenye pedeli, nikageuka, nikampa mgongo.

Nikasubiri nisikie anaondoka. Sikusikia. Nilichokipata ni kitu cha baridi kimepita kwenye kisigino changu, maji na manyoya, nikajua ni yeye. Jamani. Miezi yote ile hajawahi kunigusa na mimi sijawahi kumgusa. Kapita kwenye mguu wangu kwenda chini ya meza, pale ninapoweka lile tenga la vipande vya vitambaa, nikamsikia anakitua, anakilamba lamba, alafu akapita tena kwenye mguu wangu akarudi kwenye mvua.

Akaleta mwingine. Mi bado naangalia ukuta. Mikono nimeiweka magotini, naogopa hata kukohoa, ule moshi wa mkaa unanikereketa kooni nimejizuia. Kila akitoka nasikiliza mvua nasema ya Rabbi asikutane na gari, asikutane na mbwa, na kila akirudi najua kwa ule ubaridi mguuni. Nilikuwa na kanzu za watu zinanisubiri pale, zimebaki pindo tu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze ufundi sikuzijali kabisa.

Yule wa mwisho hakwenda naye kwenye tenga. Kati yangu na ukuta palikuwa na nafasi ndogo tu, labda ya kupitisha kigoda, na Kaniki akazunguka kiti akaja akaingia pale. Mbele yangu. Akanitulia mtoto juu ya mguu, kwenye wayo kwa juu hapa ndala inapoishia, kisha akakaa akanyanyua uso akaniangalia.

Mi nilikuwa sijawahi kumuona usoni kwa karibu. Sikio moja limechanika kwa pembeni. Macho ya kijani yanaelekea njano, mwanga wa taa umeingia ndani yake. Alinitazama kwa muda na mimi nikawa sijui niweke wapi macho yangu, huko nyuma nilikuwa naficha uso ili ale, sasa yeye mwenyewe kaufuata. Kisha akafumba. Polepole, hakuwa na haraka, paka aliyetoka kwenye mvua ile, kakaa mbele ya mtu mzima mwenye mikono miwili anafumba macho. Akafungua. Na mimi nikafumba, hakuna aliyenifundisha, nilifumba tu. Nilipofungua yupo.

Kilikuwepo kipande cha kibua kwenye sahani, daku yangu. Nikaishusha sahani chini taratibu. Akageuka akaanza kula, na alivyogeuka akawa kanipa mgongo. Lile baka likawa liko mbele ya macho yangu, pasi ya moto iko hatua moja kutoka kwake, na yeye anakula kichwa kimeinama, hata masikio hakuyaelekeza nyuma. Alikula mpaka akamaliza. Nilikaa pale namwangalia mgongo wake na koo limenikaza, na hata sasa naandika limenikaza.

Alafu akaondoka! Hiyo ndo sehemu ambayo watu nikiwasimulia hawaioni ukubwa wake. Mvua ilikuwa imepungua, akatoka, sijui kwenda kujisaidia, sijui kwenda kunusa kule alikotoka kama kuna aliyebaki, akaniacha na wanawe wote. Vitoto vya umri ule havioni, havisikii, hata joto lao wenyewe haviwezi kulishika, bila mama usiku mmoja wa baridi unavimaliza. Na yule mmoja bado yuko juu ya mguu wangu kalala, nahisi tumbo lake linapanda na kushuka. Kukanyaga cherehani ndo haiwezekani tena. Nikavuta kanzu moja, nikatunga sindano ya mkono, nikaendelea na pindo hivyo hivyo, mguu sijausogeza. Maalim alipopita kwenda kuamsha watu daku akachungulia, akaona, akasema Mashaallah, akaenda zake. Kaniki akarudi baadaye akaingia kwenye tenga akalala nao, na yule wa mguuni akaja kumchukua mwenyewe.

Yaliyofuata yalienda haraka. Kanzu zikamalizika, Idd ikafika, watoto wakafungua macho, wakaanza kung'ang'ania nyuzi, wakakua, wakapata kwao, mmoja yuko kwa Maalim mpaka leo. Na Kaniki watoto walipoacha kunyonya akarudi kizingitini na masharti yake yale yale. Mgongo. Sikuwahi kumbeba, sikuwahi hata kumpapasa kichwani, na sikumlazimisha. Kuna jioni nilijaribu kugeuka pole pole wakati anakula, nikadhani labda sasa, akaacha samaki akaondoka. Mama watoto aliniuliza haikuumi? Iliniuma, sisemi uongo. Ila nilikuwa nikigeukia ukuta naugeukia kwa furaha, maana namjua anayekula nyuma yangu na yeye ananijua. Nilipohama ile fremu Maalim akasema muache hapa hapa, mtaa wake huu, na nyumbani kwake mlango haufungwi kwa paka. Nikimpelekea Maalim nguo napitia soko la samaki kwanza.

Yule kaka wa tanuri tumelibishania hili Ramadhani zote tangu hapo. Yeye anasema fundi, usijipe, paka kafuata joto la pasi yako, asingekuona wewe angemuona mwingine. Nami nimelifikiria sana neno lake kwa sababu ni mtu mkweli. Huenda ni kweli, paka aliyelowa anatafuta pakavu na penye moto. Lakini joto la pasi ya mkaa na joto la tanuri la mikate wapi na wapi, na tanuri liko karibu zaidi na uchochoro, na mlango ulikuwa wazi, na Kaniki alipita mbele ya mlango ule kila safari, mvua inampiga, mtoto mdomoni, hakuingia. Namwambia hivyo, anasonya anacheka, anasema sisi kule tuko wengi na tuna kelele. Namwambia haya, kwa hiyo alichagua. Anasema sijasema alichagua. Mwaka huu tena tuliishia hapo hapo, adhana ikatukata.